Kauthar na Bi Harusi wa Kabatini

Kauthar ni mtoto wa marehemu kaka yangu, Abdulsamad. Nyumba yao na yangu hapa Pujini zimetengwa na migomba michache tu, na mama yake, Mwanawema, akitia nazi chunguni mimi najua kabla sijaitwa kula. Kwa hiyo ninayoyaandika si ya kusikia kwa watu. Mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, na ruhusa ya kuyaandika alinipa. "Andika, Ami," alisema, "lakini usinifanye shujaa. Sema nilichoka." Basi nasema: alichoka.

Mimi ni mhudumu wa skuli ya sekondari aliyosoma. Jina la skuli sitalitaja, kwani yaliyompata Kauthar yangeweza kumpata akitokea skuli yoyote ya namna yetu. Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo. Nafagia, nafungua madirisha asubuhi, napiga kengele, na mvua ikinyesha naweka ndoo panapovuja. Kuzungumza mbele za watu siwezi. Hata mwalimu akinituma nikalitangazie darasa jambo, humwambia mwanafunzi aliyekaa karibu na mlango, naye akalitangaza.

Skuli yetu ina chumba kinachoitwa maabara. Siku ya kufunguliwa, wageni walileta kabati la vioo lenye vyombo vya kemia, na miongoni mwa vyombo hivyo ilikuwemo bureti moja. Bureti ni mrija wa kioo, mwembamba, unakaribia urefu wa mkono wa mtu mzima. Una mistari ya vipimo toka juu hadi chini, na mwisho wake una koki ndogo ya kutolea maji tone kwa tone. Mwalimu Haroub, mwalimu wa kemia, aliona kwamba ikivunjika hiyo moja hatutapata nyengine. Akaifungia kabatini kwa kufuli. Somo lake lilipofika, aliwapanga wanafunzi mstari, wakapita mbele ya kabati mmoja mmoja wakaitazama, kisha wakarudi darasani akawachorea ubaoni. Watoto wakaipa jina: Bi Harusi. Imefungiwa ndani, inatazamwa, haiguswi.

"Ami Jaribu," walikuwa wakinitania nikifuta vumbi kwenye kioo cha kabati, "Bi Harusi kaamkaje leo?"

"Hajambo," nikiwajibu. "Anakusalimuni."

Kauthar alipita mstari ule kama wenzake. Namkumbuka kwa sababu alisimama mpaka wa nyuma wakamsukuma. "Sogea na wewe, umekuja kuposa?" Alikuwa mwembamba, mkimya kama baba yake, na hati yake ya mkono nzuri mno. Katika mtihani wa kidato cha nne aliijua bureti kama anavyoijua sura ya Fatiha: inaoshwa vipi, inajazwa vipi, macho yawekwe wapi wakati wa kusoma kipimo. Alipata alama ya juu kabisa. Mwalimu Haroub alitembea na habari ile kila ofisi aliyoingia.

Kidato cha tano na sita alisoma skuli nyengine. Huko bureti zilikuwa kadhaa, lakini meza moja ilikuwa na kundi zima la wanafunzi. Mwenye haraka ndiye aliyeshika koki, waliobaki wakachungulia. Kauthar, kwa hati ile nzuri, aliambiwa, "Wewe andika majibu." Akaandika miaka yote miwili.

Kisha akapata nafasi ya chuo kikuu, bara, kusomea kemia.

Kijijini kwetu mtoto akisemwa anasomea sayansi chuo kikuu, basi huyo ni daktari. Sayansi nyengine watu hawaijui. Ilisomwa dua msikitini kabla hajaondoka, na Shehe akamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie awe sababu ya shifaa kwa wagonjwa. Upande wa wanawake, Kauthar alimsogelea mama yake akamnong'oneza, "Mama, mbona mie sendi kusomea udaktari?"

"Itikia amina," mama yake akamwambia.

Akaitikia amina.

Habari za chuo alinisimulia kidogo kidogo, na si kwa mpango. Alisema ukumbi wa kusomea ni mkubwa kuliko msikiti wetu wa Ijumaa, na mwalimu yuko mbali, anazungumza Kiingereza kwa kipaza sauti. Kwetu pia vitabu ni vya Kiingereza, lakini Mwalimu Haroub akishasoma sentensi huieleza kwa Kiswahili, na mara nyengine kwa Kipemba kabisa. Kule haielezwi. Kauthar alikuwa akiandika kila neno alilolidaka, kisha jioni anakaa nalo kulitafuta maana, na siku ya pili yanakuja mengine juu ya yale ambayo hajayamaliza. Alisema ni kama kutoa maji kwenye ngalawa inayovuja. Huzami, lakini hufiki popote, na mikono inauma.

Juma la kwanza la maabara kila mwanafunzi alipewa bureti yake. Yake peke yake. Aliniambia alipoiona imewekwa mezani mbele yake, wazi, bila kioo wala kufuli, alihisi kama amekuta mlango wa nyumba ya mtu uko wazi na mwenyewe hayupo. Akaishika kwa vidole viwili. Akaizungusha koki kwa nguvu, kwa sababu katika mchoro wa ubaoni koki haina uzito. Mrija ukachomoka kwenye chuma kinachoushikilia ukaanguka.

Msimamizi wa maabara, kijana tu, hakuwa mkali. Alimuuliza, "Hujawahi kushika bureti?"

Kauthar akajibu, "Nimewahi kuiona."

Meza zote zikacheka. Hata yule msimamizi alicheka. Kauthar alikuwa amesema kweli, na hakujua kwamba ni kichekesho.

Tangu siku hiyo mikono yake ilikuwa ikitetemeka kila akiingia maabara. Akawa anafanya lile alilolizoea: anamwachia mwenzake koki, yeye anaandika. Masomo ya kitabu alikuwa akipita, si kwa wingi, lakini alipita. Huku nyumbani tulikuwa tukimpigia simu, na simu ile ilizungushwa kwa kila aliyekuwepo barazani. "Daktari, hujambo?" "Daktari, huko mnakula nini?" "Daktari, mguu wangu huu." Aliwajibu wote. Mimi nilipofikiwa na simu nilikuwa nikisema, "Haya," nikairudisha.

Mwisho wa mwaka wa pili ulikuja mtihani wa vitendo, kila mtu meza yake, hakuna mwenzake wa kumwachia. Mikono ikatetemeka. Alitakiwa adondoshe tone moja moja mpaka rangi igeuke, naye kila akiigusa koki maji yalishuka yote, rangi ikapita. Akaanza tena. Ikapita tena. Muda ukaisha karatasi yake ikiwa tupu, na hati nzuri haikumfaa kitu.

Alirudi Pujini wakati wa msimu wa karafuu. Skuli zilikuwa zimefungwa na watoto wako mikarafuuni. Kila uwanja ulikuwa na majamvi ya karafuu zilizoanikwa, na watu walikuwa wakitazama mawingu kuliko walivyotazamana. Kauthar alifika, akasalimia, akaingia ndani, akalala. Siku ya pili akalala. Aliamka kwa sala na kwa kula, na kula kwenyewe kidogo.

"Mtoto kapigwa jicho," Mwanawema akaniambia kwenye migomba. "Wanamwita Daktari Daktari, wala hawasemi mashaallah."

Nilisema huenda ni safari tu.

Waliokuja kumwona hawakumwacha alale. Bi Mwatima, jirani yetu mtu mzima, alifika na mkongojo wake akakaa kizingitini.

"Daktari yuko?"

"Bi Mwatima, shikamoo. Mie si daktari. Nasoma kemia."

"Marahaba mwanangu. Ndo hiyo hiyo. Kwani dawa si kemia?"

"Wanaotengeneza dawa ni wengine, Bi. Na wanaotibu ni wengine. Mie napima vitu, nini kimo na kiasi gani."

"Basi nipime," akasema Bi Mwatima, akanyoosha mguu.

"Bi, wallahi sijui mguu."

"Mwone!" Bi Mwatima akamgeukia Mwanawema. "Adabu hiyo. Kasoma mpaka bara na bado anaona haya mbele ya mtu mzima. Huyu kalelewa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alivyokataa udaktari ndivyo walivyomzidishia heshima. Mwishowe akaupapasa mguu wa bibi, akamwambia aende hospitali, na asiuning'inize akikaa. Kesho yake Bi Mwatima akapita kila nyumba akitangaza kwamba mguu umekwisha kuwa mwepesi.

Siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa barazani kwao tukichambua karafuu, mimi na Kauthar, mama yake amekwenda kuteka maji. Kuchambua ni kuzitenga karafuu na makonyo yake. Unakishika kishada, unakibinya kiganjani, unakisokota, karafuu zinadondoka na konyo linabaki mkononi. Kazi hii kwetu haifanywi kimya. Wanawake hukaa duara kubwa wakasengenyana mpaka magunia yakaisha, na hakuna anayetazama vidole. Lakini siku hiyo tulikuwa wawili, na wote wawili si wasemaji.

"Ami," akasema. "Nimefeli."

Nikaendelea kuchambua.

"Nina sapu. Ndo mtihani wa kurudia, mwezi ujao. Nikifeli na huo, basi. Nimekwisha, narudi nyumbani." Akatupa konyo. "Na nitafeli, kwa hiyo siendi. Nimechoka, Ami. Nikifikiria kuingia chumba kile tena naona bora nibaki hapa nichambue karafuu mpaka nife. Mwambie Mama. Mie siwezi kumwambia."

Akanihadithia yote, ya bureti, ya kucheka, ya rangi iliyopita. Mimi nilikuwa nikitazama mikono yake. Ilikuwa inachambua. Vishada vilikuwa vikipita mle kama maji, na mikono haikutetemeka hata kidogo.

Kumwambia Mwanawema nilishindwa. Nilikwenda mpaka kisimani, nikamkuta, nikambebea ndoo, nikarudi. Lakini usiku nililifikiria jambo moja, na asubuhi nikaenda nyumbani kwa Mwalimu Haroub.

Alikuwa uani anageuza karafuu zake jamvini. Nikasimama.

"Jaribu. Kwema?"

"Kwema, Mwalimu."

"Mvua itanyesha, unaonaje?"

"Huenda."

Akageuza karafuu. Nami nikainama nikamsaidia. Tulizigeuza jamvi zima, na la pili, na akaniuliza habari ya mvua mara nyengine, ndipo nikasema, "Kauthar anaomba Bi Harusi," ingawa mwenyewe alikuwa hajaniomba kitu.

Akanyanyuka. "Anamwomba vipi?"

Nikamweleza kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Mwalimu Haroub alikaa kwenye kinu kilichokuwa kimelazwa pale. Ni mtu mnene kidogo, na ana miwani.

"Alipata alama ya juu kabisa," akasema.

"Ndiyo."

"Mie nimekwenda na jina lake kila mahali."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ikivunjika?"

Nilisema, "Inavunjika, Mwalimu. Ni kioo."

Akavua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaingia ndani na kutoka na bunda la funguo.

Maabara ilikuwa imejaa viti vibovu. Nilimwita Kauthar aje tuvitoe, bila kumwambia zaidi, na tulipomaliza Mwalimu Haroub akafungua kufuli. Alipoitoa bureti niliona jambo ambalo sikulitarajia. Mikono ya Mwalimu ilikuwa inatetemeka. Aliishika kama mtu anayepokea mtoto mchanga asiye wake. Kauthar naye aliona. Walitazamana, halafu Mwalimu akasema, "Toka chuo cha ualimu mie sijaishika hii. Na huko tulikuwa wengi kwa meza moja."

"Nawe ulikuwa ukiandika?" Kauthar akamuuliza.

"Nilikuwa nikichungulia," Mwalimu akasema. "Hati yangu mbaya."

Hapo ndipo nilipomsikia Kauthar akicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani.

Koki ilikuwa imeganda kwa kukaa. Tuliipaka mafuta ya mgando, tukaiweka juani, ikalegea. Dawa za kabatini zilikuwa zimekuwa mawe, hazifai. Kauthar akasema haidhuru, anachotaka si dawa, anataka mkono. Akakamua ndimu ndani ya gilasi, akatia maji yaliyorowekwa maua ya choya, yale mekundu tunayotengenezea sharubati. Kwenye bureti akajaza maji ya magadi. Alisema magadi yakidondoka kwenye ndimu, kwanza rangi inabaki nyekundu, kisha inaingia zambarau, kisha inageuka kijani. Unatakiwa usimame palepale inapotaka kugeuka. Tone moja zaidi, umekosa.

Siku ya kwanza alikosa kila mara. Kila gilasi iligeuka kijani kibichi kama maji ya bwawa, na aliimwaga dirishani akaanza upya. Mwalimu Haroub alisimama nyuma yake akisema, "Taratibu, taratibu," mpaka nikamwomba twende nje tukaangalie bati linalovuja. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Jioni yake alirudi nyumbani akalala bila kula, nami nikajuta kwa kujiingiza.

Siku ya tatu alikuja Mwanawema. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuja na muhogo wa nazi kwenye bakuli, akasimama mlangoni, akamwona mtoto wake ameshika koki na mkono unatetemeka mpaka kioo kinalia kwenye chuma chake.

"Ndo hiki kilichokuangusha?" akauliza.

Kauthar akageuka. Akanitazama mimi, nikatikisa kichwa kwamba sikusema.

"Hajanambia mtu," Mwanawema akasema. "Nimejua toka ulipolala. Mtu aliyefaulu halali vile."

"Mama, mie sikutaka—"

"Kula kwanza."

Kauthar akala amesimama, machozi yanamtoka, na mama yake akavuta kiti kibovu akakaa pembeni ya meza, akijifunga vizuri kanga yake. Hakutoa nasaha. Alitazama bureti juu mpaka chini kama anayetazama ng'ombe wa kununua. Kisha akasema, "Haya, fanya nione."

Kauthar akaanza. Mkono ukaanza.

"Unautazama mno huo mkono," mama yake akasema. "Karafuu huzitazami. Jana umemsikia Bi Mwatima na mbuzi wake?"

"Mama, hapa lazima nitazame rangi."

"Tazama hiyo rangi. Mkono uache. Basi mbuzi wa Bi Mwatima kaingia kwa jirani, kala karafuu jamvini. Kazila! Sasa bibi anasema mbuzi asichinjwe, atatoa maziwa ya dawa. Anasema atamleta kwako umpime."

"Kwangu?"

"Kwa nani tena? Si wewe Daktari wa kijiji? Ulimpoza mguu, hushindwi na mbuzi."

"Mama, mbuzi mwenyewe dume."

"Ndo nikamwambia! Bi Mwatima, huyu si dume? Akanambia, hujui wewe, Kauthar kasomea."

Kauthar alicheka, na wakati anacheka mkono wake ulikuwa kwenye koki, na koki ilikuwa inatoa tone, na tone, na tone. Mwanawema hakunyamaza. Alitoka kwa mbuzi akaenda kwa harusi ya kijiji cha Mgogoni ambako wali uliungua, akaenda kwa mtu aliyeoa bila kumwambia mke wake wa kwanza. Mimi na Mwalimu Haroub tulikuwa mlangoni, tunaona haya kusikia mambo ya wanawake, lakini hatukuondoka. Maji kwenye gilasi yakaingia zambarau. Kauthar akafunga koki. Akasubiri. Akafungua kidogo sana, likadondoka tone moja, akafunga. Rangi ikabadilika ikabaki pale.

Alikaa chini sakafuni. Hakushangilia. Alisema tu, "Imesimama."

Kuanzia hapo Mwanawema alikuja kila siku akishamaliza kuanika. Siku nyengine rangi ilipita na siku nyengine ilisimama, na zilizosimama zikawa nyingi zaidi. Ilipofika juma la mwisho hata mama yake asipokuwepo Kauthar alikuwa akijisemea mwenyewe polepole, mambo ya mbuzi na ya wali ulioungua, na mkono ukitulia.

Bureti ilivunjika siku chache kabla ya safari yake. Haikuvunjika kazini. Alikuwa anaiosha bombani nje, ikagonga kwenye mfereji, ikakatika katikati. Nilikuwa karibu nafagia. Nilisikia sauti ile nikajua bila ya kutazama. Kauthar alisimama na vipande viwili, maji bado yanatiririka, uso wake umekuwa uleule wa siku aliyorudi.

"Ami," akasema, "sasa skuli nzima haina."

Nilifunga bomba. Kisha nikaenda kumwita Mwalimu Haroub, nikamwambia njiani ili asije akashtuka pale. Alipofika alivichukua vipande, akaviunganisha mwisho kwa mwisho kama vile vitashikana, akavitenganisha.

"Mwalimu, nisamehe," Kauthar akasema.

Mwalimu Haroub akakaa kwenye ukingo wa mfereji na suruali yake ya ofisini. "Unajua kila upepo mkubwa ukivuma, mie hutoka kwangu kuja kulitazama kabati hili?" akasema. "Mke wangu husema nina mke wa pili huku. Usiku wa mvua silali." Akavitazama vipande. "Basi leo nitalala."

"Lakini watoto, Mwalimu?"

"Watoto walikuwa wanaitazama tu. Haya, na hivi vipande watavitazama, na wewe umejua kushika." Akainuka akajipangusa. "Nenda kafunge mizigo. Usije ukanambia umeshindwa, nimechoka kusikia habari mbaya."

Akaingia ndani, akatoka na lile kufuli, akanipa mimi. "Chukua Jaribu. Kafungie kuku wako."

Kauthar aliondoka na boti kutoka bandari ya Mkoani. Hakukuwa na dua mara hii wala mkusanyiko. Tulikuwepo mama yake, mimi, na Bi Mwatima aliyeletwa na habari, naye akampa chupa ya mafuta ya karafuu ya kujichua. "Daktari asiyejitibu hatibu watu," akamwambia. Kauthar akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Bi." Hakukataa tena udaktari. Nadhani alikuwa amechoka kukataa.

Siku ya mtihani hatukupiga simu. Mwanawema alichambua karafuu peke yake barazani, hasemi na mtu, na jambo hilo kwake ni kubwa.

Jioni Kauthar akapiga mwenyewe, akaomba azungumze na mimi. Sikuelewa kwa nini mimi. Nikachukua simu nikaenda nayo kwenye migomba.

"Ami, imesimama," akasema. "Mara mbili. Ya tatu imepita kidogo."

"Alhamdulillahi."

"Majibu bado, lakini nadhani nimepita. Si vizuri sana. Nimepita tu."

"Haya."

Nilisikia sauti za watu na magari huko aliko. "Kulikuwa na msichana meza ya pili. Katokea kijijini huko bara, sijui wapi. Ameivunja bureti yake mwanzo tu wa mtihani. Watu wakacheka."

"Nawe?"

"Mie sikucheka. Nilikuwa na maneno ya Mama kichwani, ya mbuzi, nilikuwa naogopa nikinyamaza mkono utaanza. Nilipomaliza nikamfuata nje. Analia. Nikakaa naye, nikampa mafuta ya Bi Mwatima." Akapiga mwayo. "Ami, umebaki mwaka mzima. Ninakwenda kulala."

"Lala," nikasema.

Majibu yalitoka baadaye, na alikuwa amepita tu, kama alivyosema. Mwaka wa tatu ameshauanza. Akipiga simu sauti yake ni ile ile, ya mtu anayezungumza amelala, na Bi Mwatima bado anamuuliza habari ya mguu, naye anamjibu. Kabati la maabara liko wazi siku hizi. Mwalimu Haroub ameviweka vile vipande viwili kwenye sahani, na watoto wanavishika, wanaweka jicho wanachungulia ndani. Mimi sivifuti tena vumbi. Havipati nafasi ya kushika vumbi.